Kutoka kiatu laini hadi ganda gumu: kukata kona kwa viatu vya magurudumu jijini Nairobi

Tatizo la kiatu laini huonekana kwenye kona. Kwenye njia nyoofu kitambaa chake kinakutosha, miguu haichomi, na unaweza kuzunguka saa mbili bila kulalamika. Ukiingia kona kwa kasi na kuegemea, goti linakwenda upande mmoja, kifundo kinakunjika ndani ya kitambaa, na magurudumu yanabaki karibu wima. Unachofanya basi ni kuparaza. Kona inapanuka na unaimaliza mbali na ulikokusudia.

Ganda gumu, liwe la plastiki au la kaboni, linazuia kukunjika huko. Unachokiamua kwa goti kinafika kwenye magurudumu kama kilivyo. Faida yake ni hiyo, na adhabu yake ni hiyohiyo, kwa sababu hata makosa yako yanafika kama yalivyo. Ndiyo maana wengi huvaa ganda gumu siku ya kwanza na kuona wameharibika badala ya kuendelea.

Tunasema "viatu vya magurudumu" kwa kuwa neno sketi lina mwenyewe tayari. Mwambie muuzaji wa soko la mitumba la Gikomba unatafuta sketi, atakufungulia robota la nguo za kina mama.

Ugumu wa upande gani?

Shika kiatu kwa mkono mmoja kwenye fremu, yaani kipande kinachoshika magurudumu chini ya soli, mwingine juu ya kola, yaani sehemu inayozunguka kifundo. Sukuma kola kushoto na kulia. Isiende popote. Sasa isukume mbele, kuelekea vidole: iende kiasi, kisha ikatae polepole. Kiatu kisichokwenda mbele kabisa kinakuzuia kupiga goti, na bila goti lililopinda hakuna kona. Wanaokata kona kwenye theluji kwa ubao mmoja wanapohama kutoka buti laini kwenda buti za plastiki hukutana na somo hilihili.

Saizi kwanza

Ganda gumu lililo kubwa ni baya kuliko kiatu laini kinachokutosha. Mguu unaelea ndani, unakaza bizimu mpaka damu inasimama, na kifundo bado kinacheza.

Pima mguu jioni, ukiwa umevimba kidogo baada ya shughuli za siku. Simama kisigino kikigusa ukuta, uzito wote kwenye mguu huo, na uweke alama kwenye karatasi mbele ya kidole kirefu zaidi. Soma kwa milimita. Namba za viatu zinachanganya, maana 42 ya kampuni moja si 42 ya nyingine, na viatu vingine vimeandikwa kwa kipimo cha Uingereza. Milimita hazibishaniwi. Pima miguu yote miwili na ufuate ule mrefu.

Kisha fanya jaribio ambalo muuzaji huenda asilipende. Toa kiatu cha ndani, ile sehemu yenye sponji, uingize mguu mtupu kwenye ganda tupu. Sogeza vidole viguse mbele kidogo tu, halafu tazama nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Milimita 10 hadi 15 ni sawa, yaani kidole kimoja kikae vizuri. Vidole viwili vikiingia bila shida, ganda ni kubwa hata kama kwa sponji unahisi raha. Sponji mpya hudanganya: baada ya saa nane au kumi za kuteleza imebonyea, na kiatu kilichokuwa sawasawa dukani kimelegea.

Ukishavaa kila kitu na kusimama wima, vidole viguse mbele. Ukipinda magoti vitoke kidogo. Visipogusa kabisa ukiwa wima, shuka saizi moja.

Vya mitumba

Gikomba na Toi ni mahali pa kujaribu bahati, ila angalia kwa makini. Plastiki ya zamani hufa kimyakimya. Tafuta nyufa karibu na misumari ya kola na kuzunguka matundu ya skrubu za fremu chini ya soli. Bonyeza gurudumu kwa ukucha: likinata au likatoa makombo, mpira wake umeoza na utapasuka barabarani. Hakikisha kiatu cha kulia na cha kushoto ni saizi moja, kwa sababu kwenye robota lolote linawezekana.

Beba futi. Pima kutoka katikati ya tundu la skrubu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma. Milimita 165 ni kipimo kilichoenea kwenye viatu vya ganda gumu vya mjini, na 195 ni cha viatu vya mbio. Viko pia vya skrubu tatu. Kipimo kisichoeleweka, au fremu iliyobanwa moja kwa moja kwa misumari, maana yake fremu ikipinda umenunua mapambo ya ukuta. Harufu isikutishe, kiatu cha ndani kinafuliwa kwa mkono na kukaushwa kivulini.

Badili kitu kimoja tu

Kama ulikuwa kwenye magurudumu ya kipenyo cha milimita 80, baki na 80. Anayehama kwenda ganda gumu na papo hapo akapanda hadi magurudumu matatu ya 110 hajui kinachomwangusha ni kipi. Kwa kona za mjini, manne ya 80 kwenye fremu yenye urefu wa takriban milimita 243 yanatosha sana, na 76 yanageuka kwa wepesi zaidi. Ugumu wa gurudumu wa 84A au 85A (namba ikishuka, gurudumu ni laini zaidi) hukaa vizuri kwenye sakafu laini ya saruji. Kwenye lami yenye kokoto zilizotokeza, ambayo Nairobi tunayo kwa wingi, 82A hupunguza mtetemo unaopanda hadi magotini.

Usihamishe magurudumu ya zamani bila kuyageuza. Yale ya kiatu laini karibu kila mara yamelika upande wa ndani, na ukiyafunga vilevile, ganda gumu litakuvuta ndani kwa uaminifu wake wote. Peleka la kwanza mahali pa la tatu, la pili mahali pa la nne, vuka kutoka kiatu cha kulia kwenda cha kushoto, na uhakikishe upande uliolika sasa unatazama nje.

Fremu nyingi zinasogezwa kushoto na kulia kwa milimita chache. Anza na nyuma katikati ya kisigino, na mbele ikielekea kati ya kidole cha pili na cha tatu. Simama kwenye kiatu kimoja bila kutembea. Kifundo kikiangukia ndani, legeza skrubu, sogeza fremu milimita 2 kuelekea ndani, kaza, jaribu tena. Kikiangukia nje, fanya kinyume. Kaza kwa ufunguo unaoingia barabara kwenye kichwa cha skrubu, maana unaolegea unakula pembe zake, na skrubu iliyolika kichwa ni kazi ya fundi mwenye drili. Rudia kukaza baada ya saa ya kwanza ya kuteleza. Skrubu mpya hulegea, hilo ni la kutarajia.

Namna ya kuvaa

Hapa ndipo robo tatu ya malalamiko huzaliwa. Vaa soksi moja nyembamba inayopita juu ya kola. Za mpira wa miguu zinafaa. Soksi mbili nene hazilindi mguu, zinatengeneza mikunjo, na mikunjo ndiyo malengelenge.

Ingiza mguu, kisha gonga kisigino sakafuni mara mbili tatu ili kirudi nyuma kabisa. Funga kwanza bizimu ya mshazari, ile inayopita juu ya mguu kwa pembe kuelekea kisigino, lakini kwa nusu tu. Kaza kamba: zilegee kwenye vidole, zibane kuanzia katikati ya mguu kwenda juu. Sasa piga goti mbele mpaka muundi uguse ulimi wa kiatu, na ukiwa hapohapo funga bizimu ya kola. Ukiifunga umenyoosha mguu, umejifungia wima na utateleza kama mtu aliyemeza mwiko. Malizia bizimu ya mshazari, meno mawili au matatu zaidi.

Jipime: inua kisigino ndani ya kiatu. Kisiinuke. Chezesha vidole. Vicheze.

Maumivu, na yanakotoka

Ganzi ya vidole ndani ya dakika kumi ni kamba zilizobanwa mbele. Legeza pale tu, usilegeze kola.

Mkakamao chini ya wayo huwapata karibu wote wiki ya kwanza. Mara nyingi unakunja vidole kama ndege anayeshika tawi, kwa sababu mwili haujaamini kiatu. Mapumziko ya dakika tano kila dakika 20 husaidia. Usipoisha baada ya mara tano au sita, wayo wako una upinde ambao soli bapa ya kiwandani haiushiki. Weka soli ya ndani yenye kiinuko katikati.

Muundi unaouma juu ya kola husababishwa na bizimu ya juu iliyokazwa kupita kiasi, au soksi fupi iliyoishia chini ya kola.

Mfupa wa kifundo uliotokeza una dawa yake, na watu huikosea. Usiweke sponji juu ya mfupa. Unaongeza shinikizo palepale. Kata kipande cha sponji ngumu yenye unene wa milimita 5 kwa umbo la mandazi yenye tundu, ukibandike nje ya kiatu cha ndani ili mfupa ukae kwenye tundu. Kujua mahali hasa, paka rangi ya mdomo juu ya mfupa, ingiza mguu mtupu kwenye ganda, usimame, utoe. Alama itakuwa imebaki kwenye plastiki.

Viko viatu vya ndani vinavyofinyangwa kwa joto, na baadhi ya maganda ya kaboni pia, ila kwa halijoto aliyoitaja mtengenezaji. Draya ya saluni inaweza kulainisha sponji, haitoshi kwa ganda. Jiko la makaa au moto wa gesi usiukaribie kamwe: plastiki haitanuki pale ulipotaka, inanyong'onyea yote.

Mazoezi

Sunken Car Park, katikati ya mji, imewalea wateleza wengi, na maegesho yoyote tupu ya Jumapili yanafaa. Mistari ya maegesho ni vipimo vya bure. Vaa helmeti na vilinda viganja, na usiache vilinda magoti kwa sababu kiatu kimekuwa kigumu. Kola ngumu inakinga kifundo, lakini nguvu ya kuanguka haipotei, inapanda kwenda kwenye muundi na goti.

Siku mbili za kwanza, dakika 30 tu kila siku. Simama kwenye nyasi au zulia, egemea kingo za ndani, katikati, kingo za nje, polepole, bila kiuno kusaidia. Kwenye kiatu laini ulikuwa huhisi tofauti. Sasa utaihisi wazi. Kisha teleza kwa mguu mmoja ukihesabu hadi tano. Mguu ulio dhaifu upewe zamu mbili.

Kabla ya kona, breki. Viatu vingi vya ganda gumu havina breki ya kisigino. Jifunze kuburuta mguu wa nyuma ukiwa umekingama nyuma ya ule wa mbele, kwa mguso mwepesi. Ukibonyeza kwa nguvu unapata gurudumu lenye ubapa na kiatu kinachogonga kila mzunguko.

Kwenye kona, mguu wa ndani unatangulia kwa nusu urefu wa kiatu, magoti yote yanapinda na kuelekea kona kwa pamoja, uzito mkubwa ukiwa kwenye mguu wa nje. Mabega yabaki sawa na ardhi. Anayetoka kwenye kiatu laini amezoea kurusha mabega ndani ya kona ili kufidia kifundo. Kwenye ganda gumu tabia hiyo inampeleka chini moja kwa moja. Panga vikombe vya plastiki umbali wa mita 5, pita kushoto na kulia kwa mwendo wa kutembea, ukipunguza hadi mita 3 pale tu unapopita mara kumi bila kuangusha. Mteremko uje baadaye, uwe mpole wenye mwisho ulio tambarare. Valley Road si mteremko wa mazoezi, na kushika nyuma ya matatu si zoezi la aina yoyote.

Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, rangi ya mistari ya maegesho huteleza kama sabuni. Ganda gumu halibadilishi hilo. Kiatu kikilowa, toa kiatu cha ndani siku hiyohiyo na ukaushe beringi, la sivyo kesho yake zinalia.

Baada ya wiki tatu au nne za kukata kona, pindua viatu utazame magurudumu. Yakilika sawasawa pande zote mbili, fremu imekaa. Yakilika ndani tena, kwa mfano ya kushoto pekee, sogeza fremu ya kushoto milimita 2 nyingine kuelekea ndani, geuza magurudumu, na uyatazame tena baada ya wiki mbili.