Jinsi ya kutumia dawa ya matone ya macho bila kuudhuru mwili

Dawa inayodondoshwa jichoni haibaki yote jichoni. Wengi hawalijui jambo hili, na ndiyo maana mzee wa Kibosho anayetumia timololi kwa ajili ya presha ya macho anaweza kuanza kuhema na kuishiwa nguvu anapopanda kurudi nyumbani, akalaumu umri, baridi au mlima, na asiwepo hata mmoja katika familia anayekifikiria kile kichupa kidogo kilicho kando ya kitanda. Mwongozo huu ni kwa ajili ya wagonjwa wa namna hiyo na wanaowatunza, na zaidi kwa ajili ya wazazi wenye watoto wadogo.

Kwenye pembe ya ndani ya kila jicho, upande wa pua, kuna vitundu viwili vidogo, kimoja kwenye ukingo wa kope la juu na kingine kwenye ukingo wa kope la chini. Hivyo ndivyo vinavyopeleka machozi puani, na ndiyo sababu mtu anayelia hutokwa pia na kamasi. Tone moja kutoka kwenye kichupa huwa na ujazo wa mikrolita 30 hadi 50 hivi, ilhali jicho haliwezi kushika zaidi ya takriban mikrolita 30. Kinachozidi humwagika shavuni au hufuata njia ya machozi, kama maji ya mfereji yanavyofuata mteremko, hadi kwenye utando wa ndani ya pua ambao una mishipa mingi midogo ya damu. Dawa inayofyonzwa hapo huingia kwenye damu bila kupita kwanza kwenye ini, tofauti na kidonge kilichomezwa, ambacho sehemu yake huvunjwa na ini kabla ya kuenea mwilini. Ukisikia uchungu kooni muda mfupi baada ya kudondosha, ujue kwamba dawa imeshateremka.

Namna ya kudondosha

Nawa mikono kwa sabuni, kisha soma jina la dawa mahali penye mwanga, kila mara, hata kama umeitumia kwa miaka. Vichupa vya dawa ya macho, dawa ya masikio na hata vya gundi hufanana sana mkononi, na wapo watu waliojikuta wamejidondoshea gundi. Keti au lala chali, inua uso, vuta kope la chini kwa kidole mpaka kifanyike kifuko, na udondoshe humo tone moja tu bila ncha ya kichupa kugusa jicho wala kope. Tone la pili halina faida, kwa sababu jicho halina nafasi ya kulipokea. Linaongeza tu kiasi kinachokwenda puani.

Sasa inafuata hatua ambayo wengi huiruka, nami naona ndiyo yenye maana kuliko zote. Fumba jicho taratibu bila kulikaza na bila kupepesa. Weka ncha ya kidole cha shahada kwenye pembe ya ndani, pale kope zinapokutana kando ya pua, ubonyeze kwa upole na ukae hivyo kwa dakika tano. Kidole kikiwa mahali pake utahisi mfupa chini yake; ukihisi kitu laini kinachobonyea, unalibonyeza jicho lenyewe, hivyo sogeza kidole kuelekea puani. Aliyefanyiwa upasuaji wa jicho hivi karibuni amuulize kwanza daktari wake kabla ya kubonyeza, ingawa kufumba tu jicho kwa muda huohuo nako husaidia sana. Hatua hii hupunguza kwa zaidi ya nusu dawa inayoingia kwenye damu, na wakati huohuo huiacha dawa ifanye kazi jichoni kwa muda mrefu zaidi. Mwenye dawa mbili tofauti asubiri angalau dakika tano kati ya moja na nyingine. Ukimaliza, pangusa kilichomwagika shavuni na unawe mikono tena.

Nani awe mwangalifu zaidi

Timololi imo katika kundi la dawa zinazopunguza kasi ya moyo. Tone moja la asilimia 0.5 lina takriban miligramu 0.2 za dawa, kiasi kinachoonekana si kitu, lakini kwa mwenye pumu kinaweza kubana njia za hewa hata mara ya kwanza anapoitumia. Mwenye mapigo ya moyo ya polepole, au anayemeza tayari dawa za moyo au za presha ya damu kama propranololi, atenololi au verapamili, anaweza kupata kizunguzungu na hata kuzimia. Kwa mwenye kisukari hatari ni ya aina nyingine: dawa hii huweza kuficha mapigo ya moyo ya haraka na mtetemeko wa mikono, yaani dalili ambazo humwonya kwamba sukari imeshuka. Mambo haya yote mgonjwa anapaswa kuyataja kliniki kabla ya kuandikiwa dawa, hata kama hakuna aliyemuuliza. Asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa sababu uwezo wa kuona uliopotea kwa presha ya macho haurudi. Arudi haraka abadilishiwe, na akishindwa kupumua aende hospitali saa hiyohiyo.

Atropini, dawa ya kupanua mboni ya jicho, hukausha mdomo, hufanya uso uwe mwekundu na wa moto, huharakisha moyo, na kwa watoto na wazee inaweza kuvuruga akili. Mtoto mwenye joto kali anayeongea maneno yasiyoeleweka hudhaniwa upesi kuwa malaria imempanda kichwani, kwa hiyo mtajie muuguzi kwamba amewekewa dawa ya macho. Pilokapini, dawa nyingine ya presha ya macho, huleta jasho, mate mengi na kuhara. Fenilefrini kali, ambayo nayo hupanua mboni, inaweza kupandisha presha ya damu.

Kwa mtoto, tone ni lilelile lakini mwili ni mdogo: mtoto mchanga wa kilo 3 ana damu ya karibu robo lita tu, ilhali mtu mzima ana lita tano hivi. Brimonidini, ambayo pia ni dawa ya presha ya macho, haipaswi kabisa kutumiwa kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili, kwani inaweza kumlaza usingizi mzito na kusimamisha pumzi yake.

Mtoto akinywa dawa ya macho

Vumbi la kiangazi Arusha huwafanya madereva wa bodaboda na wauzaji wa sokoni wanunue matone ya kuondoa wekundu, ambayo mengi yana nafazolini au tetrahidrozolini. Kichupa hubaki mfukoni au kwenye mkoba, mahali ambapo mtoto anaweza kukifikia. Mililita moja au mbili, chini ya nusu ya kijiko cha chai, zinatosha kumfanya mtoto alegee, apoe mwili, moyo upungue kasi na pumzi iwe hafifu. Chupa ya mililita 5 ya atropini ya asilimia 1 ina miligramu 50 za dawa, kiasi kinachoweza kuua. Weka dawa hizi juu, ndani ya kabati linalofungwa.

Mtoto akinywa, usimtapishe, kwa sababu anaweza kusinzia ghafla na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Usimpe maziwa kwa imani kwamba yanakata sumu. Mfute mdomo, mlaze ubavu kama anasinzia, na umpeleke mara moja kwenye kituo cha afya au hospitali iliyo karibu zaidi, iwe ni KCMC au Mawenzi kwa walioko Moshi, au Mount Meru kwa walioko Arusha. Usingoje dalili, zinaweza kuanza ndani ya saa moja. Chukua kichupa, kadiria kiasi kilichopungua, na ukumbuke saa aliyokunywa.

Mgonjwa akishatulia, mwombe mfamasia au daktari apeleke taarifa ya madhara hayo TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini mjini Arusha. Usitupe kichupa wala boksi lake kabla ya hapo, kwa kuwa namba ya toleo iliyochapishwa juu yake huhitajika kwenye taarifa hiyo.