Jenereta mpya: jinsi ya kununua Lubumbashi na kupata garanti inayofanya kazi

Muuzaji akikuambia, "Mama, hii ni mpya, iko mu karto," bado hajakuambia kitu. Mpya maana yake hakuna aliyeitumia. Kama inafanya kazi, hilo ni jambo jingine. Jenereta ndogo za petroli tunazonunua hapa Lubumbashi, zile za kilowati 2 hadi 5, nyingi zinatoka China. Zinashuka bandarini Dar es Salaam au Durban, zinapanda lori, zinavuka Zambia, zinalala foleni Kasumbalesa, kisha zinapangwa dukani moja juu ya nyingine hadi karibu na dari. OCC, ofisi ya serikali ya ukaguzi, wapo mpakani kukagua bidhaa zinazoingia nchini, lakini hakuna afisa atakayefungua kila karto na kuchomeka pasi. Mwenye duka naye hafungui, maana karto iliyofunguliwa inaonekana kama mali iliyotumika. Anayebaki kukagua ni wewe, na saa ya kukagua ni kabla hela haijatoka mkononi.

Mimi nauza samaki wa barafu, commune ya Kenya, hapahapa Lubumbashi. Thomson, tilapia, na kuku wakati wa sikukuu. SNEL, shirika letu la umeme, wakikata umeme asubuhi, jioni tayari maji yanachuruzika chini ya konjelateri, na mteja anaanza kunusa kabla ya kuuliza bei. Kwa hiyo jenereta nazijua, na maneno ya wanaoziuza nayajua zaidi.

Anza na hesabu, maana hapa ndipo wauzaji wanapojifichia baadaye. Ile namba kubwa iliyoandikwa pembeni kwa rangi nyekundu ni nguvu ya juu kabisa, ambayo mashine inaimudu kwa muda mfupi tu. Tafuta kibao kidogo cha chuma, usome nguvu ya kudumu. Mashine ya kilowati 3 mara nyingi ni 2.8 za kudumu. Halafu punguza tena, kwa sababu Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari na injini inakosa hewa. Vitabu vya injini hizi vinasema nguvu inashuka kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300. Kwa kwetu ni kama asilimia 14, na zile 2.8 zinabaki 2.4. Konjelateri inayokula wati 200 ikiwa inatembea inaweza kudai zaidi ya 1,000 kwa kitambo kile kompresa inapoanza. Ukiwa na mbili, zisianze pamoja. Fanya hesabu hii kwenye karatasi na uitunze, kwa kuwa siku mashine ikiungua neno la kwanza utakalosikia ni "Mama, uliibebesha mingi."

Sasa dukani. Nenda asubuhi, siku isiyo Jumamosi, ukiwa na pasi ya wati 1,000 au 1,200, reshoo ya umeme ya wati 1,000, na multimeta inayosoma volti na hezi (mapigo ya umeme kwa sekunde). Kama huna multimeta, nenda na fundi wako na umlipe siku yake. Muuzaji atacheka akikuona na pasi. Mwache acheke.

Karto ifunguliwe mbele yako. Kwanza linganisha namba ya mashine iliyochongwa kwenye injini na ile iliyo kwenye kadi ya garanti. Zisipofanana, hiyo kadi ni ya mtu mwingine, na hutaigundua mpaka siku unayoihitaji. Pitisha mkono kwenye bulo zinazoshika mipira ya chini; safari ya lori inazilegeza. Kisha iwekwe oili. Jenereta hizi zinasafirishwa bila oili, na karibu zote zina kihisio kinachozuia injini kuwaka oili ikipungua, ndiyo maana baadhi ya mashine "zilizokufa" zinazorudishwa zinafufuka kwa chupa moja. Za kimo hiki zinachukua kama lita 0.6; kitabu chake kitakuambia hasa. Wakati wa kupima, kwenye injini nyingi za aina hii kijiti kinaingizwa tu bila kukikaza.

Weka petroli kidogo, fungua koki, usiwashe. Subiri dakika chache ukiangalia chini ya kabureta. Tone moja likidondoka, hiyo irudi ndani, ije nyingine. Usikubali "itajikaza yenyewe".

Iwashwe nje, kwenye hewa. Isikilize bila mzigo kwa muda. Injini nzima inashika sauti moja. Ikiwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kabureta ina uchafu au kishika-mwendo, kile kinachotuliza mizunguko ya injini, hakijarekebishwa, na hilo ni kosa la kiwandani, halina haja ya kuzoeleka. Pima: volti kati ya 220 na 240, hezi 51 hadi 53. Chomeka pasi, kisha reshoo, ilimradi wati zake kwa pamoja zisipite zile za hesabu yako. Hezi zitashuka kuelekea 50, na hapo injini iko kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika kama inavyotakiwa. Mimi siichukui ikishuka chini ya 48, wala volti zikienda chini ya 210. Acha mzigo dakika kumi. Chomoa vyote kwa mara moja uone volti zinaruka hadi wapi na zinarudi upesi kiasi gani. Mashine mbaya hujionyesha hapo.

Kuhusu waya wa ndani, muuzaji ataapa kwamba ni shaba tupu. Sisi tunaoishi chini ya bomba la moshi la Gécamines, mji wa shaba, tunauziwa alumini iliyopakwa shaba kutoka ng'ambo! Usihangaike na sumaku kama wengine wanavyoshauri; sumaku haishiki shaba, haishiki na alumini. Njia ya kweli ni kukwaruza ncha ya waya kwa wembe uone kama ndani ni mweupe, na hakuna duka litakalokuruhusu. Kinachobaki ni uzito. Linganisha kilo zilizoandikwa kwenye karto za mashine mbili zenye nguvu sawa. Nyepesi sana, na bei yake iwe nyepesi vilevile.

Mashine ikifaulu, bado usilipe. Kuna mazungumzo ya garanti, na hayo ndiyo ninayoyapenda.

"Garanti ni mwaka moya, Mama. Usiogope."

"Siogopi, kaka. Nani anatengeneza?"

"Fundi wetu."

"Yuko hapa?"

Mara nyingi hapo ndipo kimya kinaanza. Fundi yuko Likasi, au Kinshasa, au ni kijana anayeitwa kwa simu. Endelea kuuliza. Kubeba mashine kwenda na kurudi ni juu ya nani? Atakaa nayo siku ngapi? Kipuri kikikosekana, napewa mashine nyingine au hela? Garanti inashika kabureta? Inashika AVR, kile kidude kinachosawazisha volti? Maduka mengi yana desturi ya kusema "vitu vya umeme havina garanti". Kwa mashine ambayo kazi yake ni kutoa umeme, hebu fikiria.

Mimi nina kipimo changu: nauliza waniuzie AVR ya mashine ileile, leo hii, kutoka kwenye rafu yao. Kikiwepo, nakinunua na kukiweka nyumbani, si ghali. Kisipokuwepo, najua garanti yao ni karatasi, kwa sababu hicho ndicho kinachokufa mapema kuliko vingine. Hapo naomba bei ishuke au naondoka.

Yote mliyokubaliana yaandikwe kwenye fakture, kwa mkono wake: namba ya mashine, tarehe, muda wa garanti, nani anabeba, siku ngapi, na kwamba mashine imejaribiwa kwa mzigo mbele yenu. Saini na kashe, yaani muhuri wa duka. Akisema fakture haina nafasi, igeuze nyuma.

Nyumbani, kabla ya kuitumia, chukua rangi ya kucha. Nyekundu inaonekana vizuri zaidi. Weka tone kwenye kila skrubu ya kifuniko cha nyuma, pale AVR ilipo, na kwenye bulo za kabureta, tone liguse skrubu na bati kwa pamoja. Likikauka piga picha. Hakuna anayeweza kufungua skrubu hiyo bila kupasua rangi. Faida yake ni pande mbili: duka haliwezi kusema fundi wa mtaani aliichokonoa, na wewe unajua kama fundi wa duka aliigusa kweli.

Nilinunua moja ambayo baada ya muda ilianza kupandisha volti hadi taa za dukani zikawa kama za mpira wa usiku. Niliipeleka ikiwa na rangi yake. Waliikalisha, wakaniita, fundi akaniambia wamebadilisha AVR na wameijaribu vizuri. Mashine ilikuwa inang'aa, wameiosha hadi matairi. Nikainama, nikaangalia nyuma: matone yote mazima. Nikamwonyesha picha kwenye simu, kisha skrubu, kisha nikamuuliza AVR mpya iliingia kwa mlango gani. Bosi mwenyewe alitoka ofisini. Kifuniko kilifunguliwa mbele yangu, kidude kikabadilishwa palepale, kazi isiyozidi muda wa kunywa soda.

Wakati wa garanti, usiwape sababu. Badilisha oili ya kwanza baada ya saa 20 za kazi au mwezi mmoja, lolote litakalotangulia, kisha kila saa 100. Andika saa kwenye daftari. Petroli nunua kituoni na utunze risiti, usichukue kwa akina Kadhafi, wale wauza petroli wa barabarani, hata kama bei inavutia, kwa kuwa "petroli mbaya" ni jibu lao la pili baada ya "uliibebesha". Ikiwa SNEL wametulia wiki nzima, funga koki na uache injini imalize petroli ya kwenye kabureta hadi izime yenyewe. Na usiiunganishe na nyumba bila inverseri, ile swichi ya kuchagua SNEL au jenereta. Umeme wa SNEL ukirudi ukakutana na wa jenereta, utaunguza waya wa mashine, na fundi wa SNEL aliye juu ya nguzo anaweza kufa kwa umeme wako.

Ikiharibika, jizuie usimwite kijana wa jirani aifungue. Piga video: namba ya mashine, multimeta, sauti. Soma volti na hezi pamoja. Volti zikiwa juu na hezi ziko sawa, kosa liko kwa AVR. Vyote vikiwa juu, injini inakimbia kupita kiasi, angalia kishika-mwendo. Volti zikiwa karibu na sifuri wakati injini inazunguka vizuri, anza kushuku makaa mawili madogo yanayogusa rota, au AVR yenyewe. Huna haja ya kuwa fundi, ila ukifika na namba hizo hawatakuchukulia kama mtu wa kuambiwa chochote.

Usiiache dukani kwa maneno. Andika barua fupi, nakala mbili, wakusainie yako na kupiga kashe. Iseme kosa, tarehe lilipoonekana, namba ya mashine, vitu ulivyoiacha navyo pamoja na waya wa betri na funguo, na tarehe mliyokubaliana. Wakikataa kusaini, tuma picha ya barua kwa simu ya duka mbele ya shahidi.

Wakigoma kabisa, ujue una zaidi ya kadi. Sheria yetu ya mikataba, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inambana muuzaji kwa kasoro zilizofichika zinazofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Unaweza kurudisha na kudai bei yako, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Lakini inataka ushitaki upesi, kwa hiyo zile "rudi wiki ijayo" zina mwisho. Ukiwa mfanyabiashara uliyeandikishwa na ulinunua kwa ajili ya biashara yako, kuna pia sheria za OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi kadhaa za Afrika, ambao Kongo imo tangu 2012: kasoro inayoonekana siku ya kupokea inatakiwa itangazwe ndani ya mwezi mmoja. Lubumbashi ina Tribunali ya Biashara. Mimi sijawahi kuona duka likipenda kufika huko kwa ajili ya mashine ya dola mia chache. Barua ya mwisho inayotaja sheria hizo na siku nane za kujibu kwa kawaida inawakumbusha kwamba kipuri kilikuwepo stoo.

Siku ya kuichukua, pasi na reshoo ziwe kwenye mfuko tena. Isipandishwe kwenye mkokoteni kabla haijamaliza dakika kumi za mzigo, na urefu wa garanti uliobaki uandikwe upya kwenye fakture, kwa kuhesabu siku ilizokaa kwao. Wengi watakataa hili la mwisho. Liombe hata hivyo, kwa sauti, wakati duka lina wateja.