Somo: Kuchagua hita ya bwawa la spa la nyumbani

Swali ninaloulizwa kila mara ni "hita ipi nzuri?" Halijibiki mpaka ujue bwawa lako linabeba lita ngapi, na kama unaliingia kila siku au mara mojamoja. Shika kalamu, maana hesabu zake ni nyepesi na zitakuokoa kununua kitu kikubwa usichokihitaji.

Hatua ya 1: Jua lita zako

Bwawa la duara: chukua nusu ya upana, izidishe kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa kina cha maji. Vipimo vyote viwe kwa mita. Bwawa la upana wa mita 1.8 na maji ya kina cha mita 0.6 linatoa 0.9 × 0.9 × 3.14 × 0.6, yaani mita za ujazo 1.5 hivi, sawa na lita 1,500. Pima kina cha maji, si urefu wa ukuta. Kama bwawa lina viti na kona nyingi, soma mita ya maji kabla ya kujaza na baada ya kujaza, utapata jibu bila kuumiza kichwa.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya joto

Lita moja ya maji ikipanda digrii moja ya Selsiasi inakula wati-saa 1.163. Tuseme maji yako yanaanza digrii 20 na unataka 38. Hizo ni digrii 18: 1,500 × 18 × 1.163 ni kama wati-saa 31,400, yaani yuniti 31 na kitu za umeme (yuniti moja ni wati-saa 1,000).

Sasa gawa kwa nguvu ya hita. Ya kilowati 2 itachukua karibu saa 16. Ya kilowati 3, saa kumi na nusu. Ya kilowati 6, saa tano na dakika chache. Ongeza muda kidogo kwa sababu maji yanapoteza joto huku yanapashwa.

Hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Hita kubwa ya umeme haili yuniti nyingi zaidi kwa kazi ileile. Yuniti ni zilezile 31, ila inazimaliza haraka. Kilowati ni kasi tu. Kwa hiyo jiulize unaweza kusubiri saa ngapi, usiulize kilowati ngapi ndizo "kali".

Hatua ya 3: Pima joto linalopotea

Hatua hii watu huiruka, na kwangu ndiyo muhimu kuliko zote. Kama tayari una bwawa, lipashe hadi digrii 38, lifunike, zima hita na pampu, andika saa na joto. Asubuhi soma tena. Likishuka digrii 3 kwa saa 10, bwawa la lita 1,500 limepoteza kama yuniti 5.2, sawa na wati-saa 520 hivi kila saa. Hita ya kilowati 2 inamudu hilo bila jasho.

Likishuka digrii 8, usinunue hita. Nunua kifuniko. Joto kubwa hupotelea juu, kwa maji kugeuka mvuke: kila lita moja inayopaa inaondoka na yuniti 0.67 hivi, inayotosha kupoza bwawa zima karibu digrii 0.4. Kifuniko kinachobana kingo vizuri, na sponji nene chini ya bwawa, vinafanya kazi usiku kucha bila kula umeme. Pitisha kiganja pembezoni mwa kifuniko wakati wa baridi. Ukihisi unyevunyevu wa moto unatoka, pesa zako zinapitia hapo.

Hatua ya 4: Chagua chanzo cha joto

Umeme wa kawaida: hita ndogo, rahisi kufunga, inafaa bwawa dogo lenye kifuniko kizuri.

Pampu-joto: inavuta joto kutoka hewani na kulihamishia majini. Hewa ikiwa ya vuguvugu, yuniti moja ya umeme inaweza kukupa yuniti 4 au 5 za joto. Baridi ikizidi, faida inapungua. Bei yake ya kununua ni kubwa, kwa hiyo inamlipa mtu anayeweka maji ya moto kila siku. Anayeingia mara mbili kwa mwezi atangoja sana kurudisha pesa.

Gesi: huyo wa mara mbili kwa mwezi ndiye anayefaa gesi. Hita ya kilowati 20 inapandisha bwawa letu la mfano kwa muda wa saa moja na nusu na kidogo. Ifungwe nje penye hewa, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi, inayoua bila kunuka.

Kuni: tamu, lakini haina thamostati, yaani kifaa cha kuzima joto likifika kiwango. Usiwashe moto kabla koili (bomba lililozungushwa kwenye moto) haijajaa maji, na koroga maji kabla ya kuingia. Jua: zuri la kusaidia hita nyingine, gumu kulitegemea peke yake.

Hatua ya 5: Umeme na maji yanayopita

Gawa wati kwa volti upate ampia. Kilowati 3 kwenye volti 230 ni ampia 13. Kilowati 6 ni 26. Hita iwe na saketi yake peke yake, ethi (waya wa ardhini) inayofanya kazi, na breka ya kukata umeme unaovuja ya miliampia 30. Waya wa kuunganishia, ule wa soketi nyingi, usiletwe hapa kabisa. Kazi hii ni ya fundi umeme mwenye leseni.

Mpangilio wa mabomba ni pampu, kisha filta, kisha hita. Kilishio cha klorini kiwe baada ya hita, la sivyo klorini kali inaila. Hakikisha hita ina swichi ya mtiririko inayoizima maji yasipopita, na kikomo cha joto. Elementi, yaani kipande kinachopasha maji ndani ya hita, ikiwa ya titani ndiyo ya maji ya chumvi. Kwa maji ya kawaida chuma cha pua kinatosha, ilimradi pH (kipimo cha uasidi wa maji) ikae kati ya 7.2 na 7.8.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, naweza kutumia hita ya bafuni, ile ya kuogea?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Ile imeundwa kwa maji safi yanayopita mara moja, si maji ya klorini yanayozunguka muda wote. Na elementi ya kutumbukiza kwenye ndoo ndiyo usiithubutu kabisa.

Swali: Hita yangu inajizima baada ya dakika chache. Nibadilishe?

Jibu: Bado. Toa filta, washa bila filta kwa dakika kadhaa. Ikifanya kazi vizuri, filta imeziba. Ikiendelea kuzima, angalia kama maji yako chini ya kiwango au kuna hewa kwenye pampu. Kisha ndiyo ufungue hita utazame elementi: ukoko mweupe mgumu ni chokaa, na chokaa inazuia joto kutoka.

Swali: Tukiwasha mapovu, joto linashuka. Hita imechoka?

Jibu: Huenda haijachoka. Mabwawa mengi ya kujaza upepo huzima hita mapovu yakiwashwa, ili ampia zisizidi. Pia mapovu yanapuliza hewa ya baridi ndani ya maji. Pasha hadi 39 kabla ya kuingia, lakini usivuke 40.

Swali: Niiache imewaka wiki nzima au nizime?

Jibu: Kadiri maji yanavyokuwa ya moto kuliko hewa, ndivyo yanavyopoteza joto zaidi, kwa hiyo kuzima kunaokoa umeme. Kama unaingia kila jioni tofauti ni ndogo, acha iwake. Kama ni Jumamosi tu, zima, halafu tumia hesabu ya Hatua ya 2 kujua uwashe saa ngapi. Ila pampu na klorini visikome: bakteria wa Legionella wanastawi kati ya digrii 20 na 45, na maji yako yamo humohumo muda wote.