Unadai mtu pesa? Piga hesabu kwanza ndio ujue utafaili korti gani

Watu wengi hapa Kenya wakikosa kulipwa wanakimbilia korti iliyo karibu, wengine wanaachilia kabisa juu wanaogopa gharama ya wakili, na inaniuma sana kwa sababu ukijua tu kiasi unachodai, ushajua mlango wa kubisha.

Iko hivi. Kama deni halizidi milioni 1, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Ikipita hapo unaenda kwa mahakimu, na hao nao wana viwango vyao tangu sheria ya 2015: hakimu mkazi mwisho wake milioni 5, mkazi mwandamizi 7, hakimu mkuu mkazi 10, mwandamizi wake 15, na hakimu mkuu mwenyewe milioni 20. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu.

Sasa hesabu yenyewe ndio watu wanakosea. Mimi nauza mbao Gikomba, kuna jamaa nilimpelekea mzigo mara tatu, wa 640,000, wa 310,000 na wa 190,000, jumla 1,140,000. Nikaambiwa na rafiki hiyo imepita milioni, tafuta wakili uende kwa hakimu. Nikarudi nyumbani nikafungua daftari, nikaketi na simu nikitafuta meseji za M-Pesa moja moja, nikapata alikuwa amenitumia 230,000 kidogo kidogo. Kwa hivyo ninachodai ni 910,000, na hicho ndicho korti inaangalia, si bei ya mzigo wote! Nikafaili madai madogo.

Na kama deni limepita kidogo tu, tuseme 1,060,000? Unaweza kuachilia hizo 60,000 ili kesi itoshee, lakini ujue ukishaziachilia hutazifuata tena baadaye. Usijaribu kukata deni moja vipande viwili ufaili kesi mbili, hiyo haikubaliwi. Mimi naona kuachilia 60,000 ni afadhali kuliko miaka ya kuzungushwa, lakini kama ni 400,000 usikubali, nenda kwa hakimu.

Mbona nasisitiza madai madogo? Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na asiyeridhika anakata rufaa Mahakama Kuu kwa hoja ya kisheria tu. Ilianza Milimani Aprili 2021 na sasa iko miji mingi.

Ila kiasi peke yake hakitoshi, angalia pia ni kesi ya nini. Mahakama hii inachukua deni la bidhaa au huduma, pesa ya mtu aliyoishikilia mwingine, mali iliyoharibiwa, fidia ya kuumia. Mambo ya umiliki wa shamba, kuharibiwa jina, au mshahara na kufutwa kazi haigusi hata kama unadai elfu 20.

Kabla ya kufaili, mwandikie barua ya madai umpe siku za kulipa, ubaki na nakala. Panga invoisi, delivari iliyosainiwa na zile meseji kwa tarehe. Hakikisha pia unashtaki mtu sahihi, kama ni kampuni iliyoagiza andika jina la kampuni lilivyosajiliwa, si la meneja mliyekuwa mnapigiana simu. Faili pale anapoishi au anapofanyia biashara, ama pale mlipofanyia makubaliano. Na usikae sana, deni la mkataba lina miaka 6, fidia ya kuumia 3.

Tafadhali msibahatishe korti. Ukifaili mahali ambapo kiasi chako kimezidi uwezo wake, mwenzako atasimama aseme korti haina mamlaka, kesi itupwe bila hata shahidi mmoja kusikizwa, na wakati huo siku zako za kisheria zinaendelea kuisha.