Jinsi ya kununua waini usiyoijua kwenye duka dogo ukiwa safarini

Kazi yangu ni kuuza waini, na hata nikisafiri lazima nipitie maduka ya wenzangu, yale madogo ya mtu binafsi ambayo mwenyewe ndo kaonja na kuchagua karibu kila chupa iliyoko kwenye shelfu. Watu wengi wakiingia humo wanaona aibu, lebo hazisomeki, muuzaji anaonekana mjuaji, basi wanaishia kubeba chupa ileile wanayokunywa nyumbani miaka yote. Sasa hapo si bora ungebaki nyumbani tu? Fanya hivi.

Hatua ya 1: likague duka kwanza

Waini inauliwa na joto na mwanga. Chupa za dirishani kama ni pambo tu haina shida, ila ukiona zinapigwa na jua na ndo hizohizo zinauzwa, geuza uondoke. Stoo nzuri ya waini inakaa kwenye nyuzi joto 12 mpaka 14 za Selsiasi hivi, duka si lazima lifike huko, lakini kama we mwenyewe unatoka jasho humo ndani jua na chupa zina hali mbaya. Zile za kioo kisicho na rangi ndo zinaharibika haraka na mwanga, kwahiyo rozi (waini ya rangi ya waridi) iliyokaa chini ya taa kali iache, omba iliyo bado kwenye boksi. Kwenye chupa ya zamani angalia kizibo, kikiwa kimesukumwa juu au shingo inanata ujue ilishapata joto ikavuja.

Hatua ya 2: ongea na muuzaji, na uongee vizuri

Hapa ndo penyewe. Usiulize "ipi nzuri?", hilo swali halina jibu, kwake zote nzuri, ndo maana kaziweka. Mwambie vitu vitatu: waini gani ulishawahi kuipenda, ulipenda nini ndani yake, na unataka kutumia kiasi gani. Bajeti kama unaona aibu kuitaja mbele za watu nyooshea chupa yenye bei unayoiweza useme "kama hii hivi", atakuelewa, sisi tunaelewa siku zote wala hatukuoni bahili. Kinachotupa shida ni mteja asiyetaja bei kabisa alafu kila chupa unayomletea anakunja uso.

Maneno ya kitaalamu huyahitaji, sema kali, laini, tamu, kavu (yaani isiyo tamu), nzito, nyepesi, inakausha ulimi, inatoa mate, yanatosha. Alafu malizia na ombi moja: "nipe inayokaribia hiyo ila zabibu yake siijui". Mfano unapenda Sauvignon Blanc, waini nyeupe, kwa ule ukali wake, muuzaji mzuri anaweza kukutolea Assyrtiko ya Santorini, Ugiriki, au Albariño ya Hispania, au Grüner Veltliner ya Austria. We ni mtu wa Malbec, ile nyekundu nzito nyeusi, anaweza kukupa Saperavi ya nchi ya Georgia, ambayo zabibu yake ni nyekundu mpaka nyama ya ndani wakati zabibu nyingi nyekundu ndani ni nyeupe. Unapenda Pinot Noir, ile nyekundu nyepesi, muulizie Mencía ya Bierzo, Hispania. Akikuvuta moja kwa moja kwenye chupa ya bei kubwa bila kukuuliza swali hata moja, mshukuru uondoke.

Na uliza hili pia, "wewe mwenyewe unakunywa nini siku hizi?" Uso wake utakwambia, akianza kuongea kwa mikono hiyo chupa chukua.

Hatua ya 3: lebo

Lebo nyingi za Ulaya, hasa Ufaransa na Italia, zinataja mahali badala ya zabibu. Chablis ni Chardonnay, Sancerre nyeupe ni Sauvignon Blanc, Barolo ni Nebbiolo, kwahiyo huenda unachokiogopa ulishakinywa zamani. Asilimia ya pombe nayo inaongea, 11 au 12 mara nyingi ni nyepesi, 14.5 kwenda juu tegemea uzito na joto kooni. Neno Reserva kwenye nyekundu ya Rioja, Hispania, lina sheria, miaka 3 ya kukomaa na angalau 1 iwe kwenye pipa, ila Reserve ya Marekani haina maana yoyote kisheria, usiilipie zaidi.

Hatua ya 4: tafuta jina kwenye simu

Ingia Wine-Searcher, tovuti inayoonyesha waini inauzwa wapi na bei gani, uone kama nyumbani inauzwa. Ikiwepo, iache, nafasi ya begi ni ya zile zisizofika kwenu. Nyota za watu usizitazame sana, hawana mdomo wako.

Hatua ya 5: nunua moja moja, fungua leo

Nenda dukani siku za mwanzo za safari, sio siku ya kuondoka. Chukua chupa mbili tofauti, fungua moja jioni hiyohiyo, kesho rudi umwambie muuzaji ulionaje hata kama hukuipenda, maana chaguo lake la pili huwa linalenga kuliko la kwanza. Ndo hapo sasa unanunua za kubeba.

Hatua ya 6: kubeba

Chupa ya mililita 750 ikijaa ina uzito wa kilo 1.2 mpaka 1.5 hivi, piga hesabu na kilo za tiketi yako. Viwanja vingi vya ndege havikuruhusu kuingia na kimiminika zaidi ya mililita 100 mkononi, kwahiyo iende kwenye begi kubwa: funga kwenye mfuko wa plastiki, vingirisha nguo nene, weka katikati, mbali na kuta za begi. Angalia forodha ya unakoenda, ukiingia Umoja wa Ulaya kutoka nje ni lita 4 za waini isiyo na mapovu bila ushuru, yaani chupa 5, Marekani kwa kawaida ni lita 1 tu ya pombe kwa mwenye miaka 21 kwenda juu. Ukifika, kama ni nyekundu ya zamani yenye masimbi (yale mashapo ya ndani ya chupa) isimamishe siku moja au mbili yatulie chini, ndo ufungue.