Namna ya Kuunda Kundi la Ala Tano za Kupuliza na Kulifanya Lilie Pamoja

Kundi la ala tano za kupuliza, yaani filimbi, obo, klarineti, horni na fagoti, ni miongoni mwa makundi magumu zaidi kuunganisha katika muziki wa kumbini, yaani muziki wa makundi madogo ambamo kila mmoja ana sehemu yake. Wapigaji wanne wa ala za nyuzi hupiga ala za ukoo mmoja, lakini hawa watano kila mmoja ana namna yake ya kuizaa sauti. Mpiga filimbi huipasua pumzi yake kwenye ukingo wa tundu. Obo na fagoti hulia kwa ndimi mbili za tete zinazogongana, kama ilivyo kwa zumari ya pwani yetu, na klarineti ina ulimi mmoja tu. Kwenye horni, ambayo ni ya shaba, kinachotetemeka ni midomo yenyewe ya mpigaji. Kwa hiyo anayetaka kuunda kundi la namna hii ajue mapema kwamba kupata mafundi watano ni sehemu ndogo ya kazi, na sehemu kubwa ni kuwafundisha kupumua kwa pamoja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Imani Winds wa New York, kundi lililoanzishwa mwaka 1997 na mpiga filimbi Valerie Coleman, ambalo jina lake limechukuliwa kutoka katika Kiswahili. Pamoja naye walikuwapo Toyin Spellman-Diaz kwenye obo, Mariam Adam kwenye klarineti, Jeff Scott kwenye horni na Monica Ellis kwenye fagoti. Jambo la kujifunza kwao ni kwamba wawili kati ya watano hao, Coleman na Scott, walikuwa pia watunzi, hivyo kundi halikusubiri kuletewa muziki na watu wa nje. Utunzi wa Coleman uitwao Umoja umekuwa kipande kinachopigwa na makundi mengi, na kazi ya Scott iitwayo Passion for Bach and Coltrane, iliyorekodiwa na kundi hilo pamoja na wanamuziki wengine, ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2024. Unapochagua wenzako, basi, mtafute angalau mmoja anayeweza kutunga, au kuupanga upya muziki wa ala nyingine ili ufae ala zenu.

Katika uchaguzi huo usitangulize wepesi wa vidole. Mwite kila mtu apige pamoja na wengine wawili kwa saa nzima, kisha uangalie iwapo hubadilisha sauti yake anapoambiwa, au hata kabla ya kuambiwa. Mpiga horni ndiye wa kuchunguzwa zaidi, kwa kuwa ala yake inaweza kuwafunika wote wanne, na kundi linamhitaji mtu anayeridhika kupiga kwa upole kwa muda mrefu.

Wakati wa kukaa, fanyeni nusu duara. Mpangilio unaotumika sana humweka mpiga filimbi upande mmoja na mpiga klarineti upande wa pili akimtazama, obo karibu na filimbi, fagoti karibu na klarineti, na horni katikati. Mdomo mpana wa horni, unakotokea sauti, huelekea nyuma, na sauti yake hugonga ukuta kwanza ndipo imfikie msikilizaji. Nyuma yake pakiwa na pazia zito, sauti hiyo itamezwa. Pakiwa na ukuta mgumu ulio karibu, itazidi nguvu. Jaribuni viti kabla ya kila onyesho, kwa maana kila ukumbi una tabia yake.

Sasa tuje kwenye kuoanisha sauti, ambako makundi mengi hushindwa. Kubalianeni kwanza juu ya kipimo: nchini Marekani noti iitwayo la (A) huwekwa kwenye mitetemo 440 kwa sekunde, na kumbi nyingi za Ulaya hutumia 442. Kifaa cha kupimia kilichomo kwenye simu kitawasaidia kuanza, lakini kisiwe bwana wenu, kwa sababu kimetengenezwa kwa vipimo vya piano, na sauti tano zinazolia pamoja hazitulii kwa vipimo hivyo. Ukigawa kila nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za piano, katika senti 100, noti ya tatu katika mkusanyiko wa sauti wa meja (do, mi na so zikilia pamoja, mi ikiwa ya tatu na so ya tano) hutulia ikiwa chini kwa takriban senti 14 kuliko ya piano, na noti ya tano hutaka kupanda kwa senti 2. Zoezi lake ni hili: fagoti ashike noti ya msingi, mwenzake aongeze noti hiyohiyo oktava moja juu, kisha aingie mwenye noti ya tano, na mwenye noti ya tatu aingie mwisho akiishusha polepole mpaka mtetemeko uliokuwa ukisikika kati ya sauti uishe. Masikio yakishakusikia kule kutulia mara moja, yatakutafuta kila siku. Tumieni dakika 15 za mwanzo wa kila mazoezi kwa kazi hii pekee, na mbadilishane nafasi ili kila mmoja aonje kuwa noti ya tatu.

Kuna tatizo jingine ambalo huwashangaza hata wapigaji wazoefu wa okestra. Filimbi ikipigwa kwa nguvu, sauti yake hupanda, yaani huwa nyembamba kuliko noti inayotakiwa. Klarineti ikipigwa kwa nguvu, sauti yake hushuka. Wanapopiga noti moja huku wakiongeza nguvu pamoja, watu hawa wawili huachana njia bila yeyote kati yao kukosea. Mpiga filimbi auelekeze mkondo wa pumzi chini zaidi kadiri anavyoongeza nguvu, naye mpiga klarineti aikaze midomo kidogo na atafute vidole mbadala vinavyoinua noti. Wakati wa kupunguza nguvu mambo hugeuka, na kila mmoja afanye kinyume. Wakae wawili hao peke yao, bila wengine, mpaka walizoee jambo hili.

Joto nalo lihesabiwe. Sauti ya ala za kupuliza hupanda kwa takriban senti 3 kwa kila digrii moja ya joto la Selsiasi, kwa hiyo kundi lililojioanisha katika chumba chenye kiyoyozi na kisha likapanda jukwaani penye taa kali ni lazima lijioanishe upya hapohapo.

Kuanza pamoja kunategemea pumzi. Anayeongoza ainue ala yake kidogo na kuvuta pumzi kwa mwendo uleule wa muziki unaokuja, na wengine wavute naye. Pumzi ya haraka ikitangulia muziki wa polepole, mwanzo utavunjika. Msimpe mpiga filimbi uongozi wote kwa sababu tu ana noti za juu. Pale fagoti inapobeba mdundo, fagoti ndiyo iongoze. Mpiga obo akumbukwe hapa kwa namna ya pekee, kwani yeye hasumbuliwi na upungufu wa hewa bali na hewa iliyobaki kifuani baada ya kupita kidogo kwenye ulimi mwembamba, na anahitaji nafasi ya kuitoa kabla ya kuvuta nyingine. Alama za kupumua ziandikwe kwa penseli kwenye karatasi za wote watano, ili kila mmoja ajue mwenzake anatua wapi.

Kuhusu muziki wa kupiga, anzeni na Anton Reicha, aliyeandika kazi 24 za ala hizi tano mjini Paris mwanzoni mwa karne ya 19, au na Franz Danzi, aliyeandika 9. Muziki wao hudai usafi na hauna mahali pa kujificha. Baadaye ingieni kwa Carl Nielsen, ambaye kazi yake ya mwaka 1922 iliandikwa kwa ajili ya wapigaji wa Copenhagen aliowajua kwa tabia zao; humo mpiga obo hulazimika pia kushika ala pacha yenye sauti ya chini zaidi, kwa hiyo hakikisheni mnayo kabla ya kuitangaza kazi hiyo. Bagateli sita, yaani vipande vidogo vyepesi, za György Ligeti za mwaka 1953 ni fupi na zinapendwa na wasikilizaji, ila huichosha midomo kuliko urefu wake unavyoonyesha. Kwa maoni yangu, zisiwekwe mwishoni kamwe.

Siku ya onyesho fanyeni mazoezi yasiyozidi dakika 45 ukumbini. Rudieni mianzo na miisho tu, bila kupiga kazi nzima, kwa kuwa midomo iliyochoka mchana haiponi jioni. Wenye obo na fagoti waje na ndimi zisizopungua tatu zilizokwisha kujaribiwa humo ukumbini, pamoja na kikopo kidogo cha maji ya kuzilowekea, na dakika tano kabla ya kupanda jukwaani wote watano washike noti moja ya chini, kwa sauti ndogo kabisa, mpaka itulie.