Namna ya kumchagua mwalimu wa udereva kabla ya kulipa ada ya kozi

Anayetaka kujifunza udereva huuliza kwanza ada ni kiasi gani na shule iko umbali gani na nyumbani kwake. Ni maswali ya haki, lakini kazi ya kufundisha imenionyesha kwamba tofauti kati ya dereva aliyefunzwa vizuri na yule aliyepitishwa tu haitokani na jina la shule wala wingi wa magari yake. Inatokana na mtu mmoja, yule atakayekaa kiti cha pembeni, na jinsi anavyoyashughulikia makosa ya mwanafunzi. Hatua zifuatazo zimepangwa ili zikufikishe kwa mtu huyo, na nyingi zinapaswa kukamilika kabla hujatoa fedha ya kozi nzima.

Hatua ya 1: Amua aina ya gari

Gari dogo, lori, basi na pikipiki huwa na madaraja tofauti ya leseni, na shule iliyo hodari katika daraja moja si lazima iwe hodari katika jingine. Amua pia kama utajifunza kwa gari la gia za mkono au la otomatiki, linalobadilisha gia lenyewe. Katika nchi nyingi aliyetahiniwa kwa otomatiki haruhusiwi kuendesha gari la gia za mkono mpaka atahiniwe tena, ilhali aliyefaulu kwa gia za mkono huruhusiwa kuendesha yote mawili. Hata hivyo, otomatiki humwondolea mwanafunzi shughuli ya klachi, yaani pedali inayokanyagwa wakati wa kubadilisha gia, naye huanza kuitazama barabara mapema zaidi. Ikiwa ndilo gari utakaloliendesha maishani, usikubali kuambiwa kwamba si udereva kamili.

Hatua ya 2: Thibitisha vibali

Omba kuona kibali cha shule na kibali cha mwalimu mwenyewe, kwa sababu shule iliyosajiliwa inaweza kumkabidhi mwanafunzi kwa mtu asiyesajiliwa. Uliza pia kama bima ya gari inamhusu mwanafunzi akiwa kwenye usukani, na jibu lionekane kwenye hati ya bima. Kwa upande wako, hakikisha una leseni ya mwanafunzi pale sheria inapoidai.

Hatua ya 3: Likague gari

Fungua mlango wa upande wa mwalimu uangalie chini. Lazima kuwe na pedali ya breki, na kwa gari la gia za mkono ni vizuri kuwe na ya klachi pia. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Mwalimu asiye na breki yake hubaki na sauti na breki ya mkono tu. Mpaka atamke neno, mwanafunzi alisikie, alielewe na kuusogeza mguu, mita hizo zimeshapita, na pengine mara mbili yake. Tazama pia kama mwalimu ana kioo chake cha kuonea nyuma, kama mikanda inafunga, kama matairi hayajalika, na kama gari lina alama ya kuwajulisha wengine kwamba anayeendesha ni mwanafunzi. Shule inayosema gari zuri liko matengenezoni ikuombe urudi siku litakapokuwepo.

Hatua ya 4: Uliza muda wako kwenye usukani

Somo la saa moja lenye wanafunzi watatu ndani ya gari moja ni dakika 20 kwa kila mtu, hata kama risiti inaonyesha saa nzima. Kumtazama mwenzako akiendesha kuna faida, ila hakuifundishi miguu yako. Uliza idadi ya saa utakazoendesha wewe mwenyewe, na kama utafundishwa na mwalimu yuleyule au na yeyote atakayekuwepo siku hiyo. Uliza pia kama kozi ina uendeshaji wa usiku, wa kwenye mvua na wa kwenye barabara ya mwendo kasi, pale sheria inapouruhusu. Shule inayozungusha wanafunzi kwenye njia za mtihani peke yake huwafundisha kukariri kona za mtaa mmoja.

Hatua ya 5: Lipia somo moja la majaribio

Hii ndiyo hatua ninayokusihi usiiruke. Kabla gari halijasogea, mwalimu mzuri atakuuliza kama umewahi kuendesha, atahakikisha unaona mbali vizuri, atakuonyesha kurekebisha kiti na vioo, kisha atakupeleka kwenye barabara tulivu. Mwelekeo atautaja mapema, ili upate nafasi ya kutazama vioo, kuwasha taa ya ishara na kupunguza mwendo. Simu yake haitakuwa mkononi.

Kisha subiri makosa, kwa kuwa yatakuja. Gari likizimika kwa sababu umeachia klachi haraka, sikiliza atakachosema. Mmoja atafoka, mwingine atanyamaza na kulipuuza kosa hilo. Unayemtaka atakueleza kilichotokea kati ya mguu na injini, kisha akuache ujaribu tena palepale.

Sikiliza pia anavyokuongoza mnapokaribia makutano. Wapo walimu wanaosema “kanyaga breki”, “geuza”, “ongeza mafuta” kutoka mwanzo wa kozi hadi mwisho, na mwanafunzi wao huendesha vizuri ajabu, mpaka siku atakapokuwa peke yake ndani ya gari. Mwalimu anayeuliza “unaona nini mbele?” au “yule mtoto pembeni mwa barabara anaweza kufanya nini?” anakufundisha kuamua. Mwanzoni maagizo hayaepukiki. Jambo la kupima ni kama yanapungua kadiri unavyoendelea.

Jambo jingine halina mjadala. Mwalimu anaweza kuushika usukani kuepusha hatari, lakini hana sababu ya kukushika mwili, kukuzungumzia kimapenzi wala kukudhalilisha. Likitokea, omba gari lisimame mahali salama, shuka, na uripoti kwa shule na kwa mamlaka inayoisimamia.

Hatua ya 6: Soma masharti ya malipo

Lipa kwa awamu kama inawezekana, na udai risiti kila mara. Masharti yaonyeshe kinachotokea somo likiahirishwa, kama gari la mtihani limo ndani ya ada, na namna ya kurudishiwa fedha ya masomo ambayo hayakufanyika. Anayekuhakikishia kufaulu, au anayekuahidi leseni bila mtihani, muache hapohapo. Anakuuzia hatari utakayoibeba wewe na watumiaji wengine wa barabara.

Hatua ya 7: Pima tena baada ya masomo machache

Jiulize ni jambo gani unaloweza kulifanya leo bila kuambiwa, ambalo hukuliweza katika somo la kwanza. Ukikosa jibu, mweleze mwalimu na usikilize mpango wake. Usiporidhika, omba mwalimu mwingine katika shule hiyohiyo kabla ya kuhama, kwa kuwa mara nyingi ada uliyolipa huendelea kutumika. Chukua rekodi ya maendeleo yako, ili mwalimu mpya ajue la kuanzia, na usishangae akitaka kukuona ukiendesha kwanza kabla ya kuiamini.